Ukuta wa Mama Mika

Amri ililetwa na tarishi wa Boma siku ya Jumatatu, nayo ilikuwa fupi. Kuta zote zinazotazama barabara kuu ya Makambako ziwe nyeupe ifikapo Alhamisi, maana Ijumaa bwana mkubwa kutoka Dar es Salaam angepita kwenda Njombe. Chokaa ingeletwa. Maji wangechota kina mama. Kupaka kungekuwa kazi ya Elieza, kwa sababu ndiye aliyekuwa mpaka chokaa wa Boma, na toka pale hadi Njombe hapakuwa na mwingine mwenye brashi.

Elieza alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mkono mtulivu. Kwa miaka mitatu alikuwa amepaka baraza, zahanati na mawe ya kando ya barabara, na hakuna siku aliyoambiwa arudie kazi. Jambo hilo alijivunia kimoyomoyo, maana mengine ya kujivunia hakuwa nayo mengi. Alimsikiliza tarishi mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kuta zote?"

"Zote, mzee."

"Hata ule?"

Tarishi aligeuka kutazama alikoonyeshwa, ingawa hakuwa na haja. Mwaka ule wa hamsini na mbili kila aliyepita Makambako aliujua ukuta ule. Ulikuwa wa nyumba ya Elieza mwenyewe, mkabala na mahali malori ya manamba, wale vibarua wa mkonge, yalipopumzika, na toka chini hadi kwenye nyasi za paa ulijaa picha: ng'ombe na ndama wake, mahindi yaliyoanguka kwa upepo, harusi ya jirani yenye watu kumi na mmoja na mbwa. Zote zilichorwa kwa udongo mwekundu, udongo wa njano wa bondeni na masizi ya chungu. Mchoraji alikuwa Tabea, mke wa Elieza.

"Hasa ule," tarishi alisema, na hakulisema kwa ubaya. Yeye mwenyewe alikuwa na shangazi kwenye picha ya harusi.

Ukuta ule ulikuwa barua ya Tabea kwa mwanawe Mika, aliyekwenda kukata mkonge upande wa Morogoro. Barua za karatasi mwalimu wa misheni aliwaandikia mbili, na hakuna iliyojibiwa. Wakajaribu salamu za mdomo. Bibi yake Mika alipofariki, walimwagiza kijana mmoja aliyekuwa akipanda lori: mwambie Mika bibi yake hatunaye tena. Kijana akasafiri na habari ile siku tatu, na alipofika kambini aliyekufa alikuwa mama. Mika akanyoa kichwa, akalala chini siku nne akimlilia mama mzima aliyekuwa Makambako akipalilia maharage. Tabea alipoletewa habari hiyo alicheka hadi machozi, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaondoka.

"Wameniua mzima mzima kwa mdomo," alisema. "Sasa wataona kwa macho."

Alianza na yule bibi. Alimchora na fimbo yake, kisha akampaka udongo mweupe mwili mzima, ili atakayemwona ajue kwamba amekwenda. Toka hapo mtaa wote ukafuata. Ng'ombe akizaa, alichorwa. Mtu akioa, alichorwa. Mtu akifa, picha yake ilipakwa udongo mweupe. Idda, mke wa fundi cherehani, alikuja kuomba achorewe mapacha ukutani kwake, na baada ya Idda wakaja wengine, hata vijana waliosubiri lori wakawa wanazunguka nyumba hadi nyumba wakisoma habari za mtaa, watu wasiojua a wala be.

Na sasa palikuwa na habari moja iliyozidi zote. Ema, mke wa Mika, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Mika hakujua hata kwamba aliacha mimba. Kandarasi yake ilikuwa inakwisha mwezi ule. Rafiki yake wa kambini, Odilo, kijana wa misheni ya Kikatoliki karibu na Njombe, aliposhuka miezi mitatu nyuma kwenda kwao likizo, alisimama pale akawaambia, "Mika anasema nyumbani hakuna jipya. Atatia dole gumba tena, akae mwaka mwingine." Siku ile Ema alikuwa ndani na tumbo lake, na mimba haitangazwi kwa mgeni. Tabea alimwambia Odilo neno moja tu: "Ukirudi, usiniulize mimi. Tazama ukuta, ukamwambie ulichoona."

Lori la kumrudisha Odilo kambini lingepita Alhamisi.

*

Jioni ile, wakiota moto, Tabea alilihesabu jambo hilo kwa vidole vyenye udongo.

"Basi paka Alhamisi jioni, Baba Mika. Odilo atakuwa ameshaona."

"Nitamwomba Bwana Tarsis," Elieza alisema. "Ni mtu wa kusikia."

Bwana Tarsis, bwana afya wa Njombe, alifika Jumanne na mapipa ya chokaa. Alikuwa kijana mwenye kaptura iliyonyooshwa, na alikuwa na haraka, kwa sababu yeye naye alikuwa na mkubwa wake. Elieza alivua kofia akasubiri amalize kukagua mapipa. Halafu akasubiri amalize kula hindi la kuchoma. Majirani walikuwa wamesimama wakitazama.

"Bwana, naomba nyumba yangu iwe ya mwisho. Alhamisi jioni."

"Kwa nini?"

"Kuna picha pale. Mama Mika anataka mtu mmoja azione kwanza."

Bwana Tarsis alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mzee Elieza, mpaka chokaa wa Boma ni wewe au ni mkeo?"

Watu walicheka. Hawakukusudia, ila kicheko kiliwatoka. Elieza naye alicheka kidogo, kama mtu anavyofanya asipojua pa kuweka uso.

"Wa kwanza kuwa mweupe utakuwa ukuta wako," Bwana Tarsis aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Hawa wote wana picha zao. Wakiona umeacha yako, nani atakubali nimfutie? Fikiri mwenyewe."

Elieza alifikiri, na ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa kweli.

Alikoroga chokaa. Tabea alitoka nyumbani, na Elieza alijiandaa kwa maneno makali, lakini mkewe alikwenda moja kwa moja kwenye ngazi ya mianzi akaishika ili isiteleze.

"Anzia kwa ng'ombe," alisema. "Mtoto awe wa mwisho."

Basi akaanzia kwa ng'ombe. Akafuta ndama, akafuta mahindi, akafuta harusi na mbwa wake, brashi ya katani ikipanda na kushuka, na kila mara alipotazama chini alikuta mkewe anatazama pembeni, barabarani. Mtoto alikuwa amechorwa karibu na mlango, amebebwa na Ema, mdomo wazi kwa kulia. Chokaa ikiwa mbichi haifichi kitu, na kwa muda mrefu mtoto yule aliendelea kulia ndani ya weupe. Elieza alipaka tena.

Bwana Tarsis alipopita kukagua alionyesha kwa kidole pale mlangoni. "Hapa pana mawimbi. Rudia."

Elieza alirudia, kisha akahamia nyumba za wengine. Usiku ukaingia bila yeye kugusa chakula, na Tabea ndiye aliyepata la kumfariji.

"Alhamisi nitasimama palepale lori linaposimama, na mtoto mikononi. Odilo atamwona mwenyewe, na mashavu yake. Si bora kuliko picha?"

"Ni bora," Elieza alikubali, akavuta bakuli.

*

Mpango ulikuwa mzuri, ila lori halikungoja Alhamisi. Barabara ilitakiwa iwe wazi mapema, kwa hiyo manamba waliondolewa Njombe Jumatano alfajiri, na saa nne walikuwa Makambako. Kina mama wote, Tabea na Ema na kichanga wakiwemo, walikuwa mtoni wakichota maji ya chokaa. Elieza alikuwa juu ya ngazi tangu alfajiri, upande wa pili wa mtaa, kwenye nyumba ya mwisho kabisa. Mtaa mzima ulikuwa umeshapakwa, na kwenye jua lile la baridi uliumiza macho.

Alisikia injini, akageuka. Askari barabarani alilipungia lori mkono lisisimame, likapunguza tu mwendo. Vijana walikuwa wamesimama nyuma wamejifunga mablanketi, wakizitazama kuta. Elieza akaona mmoja anavua kofia. Halafu wa pili, halafu wote. Walikuwa kimya kabisa, vijana wale ambao kila siku walipita wakiimba.

Alifurahi, maskini. Alidhani wameisifu kazi yake, au wamemheshimu askari. Akamtambua Odilo kwa mdomo wake mpana, akampigia kelele jina lake akimpungia brashi. "Odilo! Odilo we! Shuka!" Odilo alimtazama mtu yule aliyejaa chokaa toka nywele hadi nyayo, mweupe juu ya ukuta mweupe, akajifunika uso kwa blanketi. Lori likashika njia ya Iringa.

Elieza aliteremka akakimbia hatua kumi, akaacha. Lori halikimbiliki. Alirudi kazini akijiambia kwamba pengine kijana hakumsikia.

Tabea alirudi na debe kichwani. Aliona alama za matairi kwenye vumbi.

"Limepita?"

"Limepita. Halikusimama."

"Odilo?"

"Alikuwemo. Nilimwita."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Walivua kofia tu."

"Nani alivua kofia?"

"Wote."

Tabea aliliteremsha debe taratibu bila kumwaga hata tone. Alitazama ukuta wa nyumba yake, akatazama wa Idda, akatazama mtaa hadi mwisho. Elieza alifuata macho yake, na hapo ndipo akili ilipomfikia. Kwa miezi mingi watu wote wa njia ile walikuwa wamefundishwa kwamba anayepakwa mweupe amekufa. Na yeye alikuwa amepaka mtaa mzima.

"Tumekufa sote," Tabea alisema. "Hata wewe, na ngazi yako."

Ema, aliyekuwa nyuma yao na mtoto mgongoni, aliketi chini palepale barabarani akaanza kulia kwa sauti. Idda alikuja mbio akiuliza kuna msiba gani, na walipomweleza alishindwa kuamua alie au acheke, akafanya yote mawili.

"Atafikiri hana mtu," Elieza alisema. "Mtu asiye na mtu nyumbani arudi kwa nani? Atatia dole gumba mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa mbele yake. Atazeekea kwenye mkonge." Alitazama viganja vyake. "Na nimemfanyia hivyo kwa mkono wangu."

Tabea alichukua kona ya kanga yake akamfuta chokaa machoni.

*

Bwana mkubwa alipita Ijumaa kwa gari lililofungwa vioo, na kama alizitazama kuta hakuna aliyejua. Alasiri mapipa matupu yakapakiwa kurudishwa Njombe. Elieza aliomba kupanda nayo. Bwana Tarsis aliuliza kuna nini, na alipoelezwa alimfungulia mlango wa mbele, akae naye badala ya kukaa na mapipa. Walipofika Njombe alimwonyesha ofisi ya kuandika manamba, akasema, "Kesho asubuhi wahi. Sema umetumwa na mimi." Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo.

Elieza aliwahi. Umande ulikuwa mweupe kwenye majani, na baraza ya ofisi ilikuwa ya saruji, na alikuwa na koti moja. Alikaa hadi saa tano. Waliokuja nyuma yake kuandikwa waliingia mbele yake, kwa sababu wao walikuwa na faida.

Karani hakuinua kichwa. "Namba yake?"

"Jina lake ni Mika mwana wa Elieza. Wa Makambako."

"Sikuuliza jina, mzee. Huko kambini hakuna Mika, kuna namba. Namba ngapi?"

"Sijui, bwana."

"Aliandikwa tarehe ngapi?"

Elieza alijitahidi. "Tulikuwa tunapalilia maharage. Mvua ilikuwa imekatika siku mbili."

Karani mwingine alicheka nyuma ya kabati. Huyu wa kwanza hakucheka. Aliweka kalamu chini, akauliza ujumbe wenyewe ni upi.

"Kwamba hatujafa."

"Nani hajafa?"

"Sisi. Mimi na mama yake, na mke wake, na mtaa."

Karani alimkagua mzee yule mwenye chokaa kwenye nyusi, akaona kwamba hana ulevi. Aliandika mstari mmoja kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha, akaiweka juu ya bahasha nyingine nyingi. "Itakwenda na mfuko wa mwezi ujao. Lakini kama kandarasi yake inakwisha mwezi huu, mzee wangu, watakuwa wameshamwandika upya. Nakuambia ukweli usije ukakaa unangoja."

Elieza alishukuru kwa mikono miwili. Alirudi Makambako Jumapili, nusu ya njia kwa miguu, na alipoingia nyumbani Tabea alimwekea maji ya moto ya miguu. Wakakaa hivyo, yeye miguu ndani ya karai na mkewe akimwongezea maji kila yalipopoa, mpaka mtoto akaamka.

*

Siku kumi na tisa zilipita. Mvua moja ya ghafla ilirusha matope kwenye kuta, na agizo lilikuwa zibaki nyeupe, kwa hiyo Elieza alikuwa amechuchumaa mbele ya nyumba yake adhuhuri akirudia sehemu ya chini, mgongo kwa barabara. Alisikia nyayo za mtu anayetembea na kusimama, anatembea na kusimama, kama anayehesabu nyumba.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene."

"Naomba kuuliza. Nyumba ya marehemu Elieza ilikuwa ipi hapa? Zote zimefanana."

Brashi ilibaki ukutani. Sauti ile alikuwa ameisikia ikiwa ya kunyonya, ikiwa ya kuchunga mbuzi, na ikiwa ya kuaga. Aliogopa kugeuka. Uso wake ulijaa chokaa, na alikumbuka Odilo alivyojifunika blanketi. Alivuta shati akajifuta mara mbili, mara tatu.

"Ni hii," alisema, bado ametazama ukuta. "Na huyo marehemu ndiye anayekujibu. Usikimbie, mwanangu."

Mika hakukimbia. Aliketi juu ya sanduku lake la bati. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya. Elieza alimwendea kwa magoti, akamshika kichwa kile chenye upara akakibana kifuani, na chokaa yote ikamhamia mwanawe.

Tabea alitoka aliposikia sauti. Alipoona ni nani, alisimama mlangoni mikono hewani.

"Mama," Mika alisema huku machozi yakimtiririka, "hii ni mara ya pili ninakulilia. Mara ya tatu hata ukifa kweli sitalia, nakuambia mapema."

"Usilie, baba. Usilie, nyamaza," Tabea alisema, naye akilia kuliko wote. Nyuma yake Ema alikuwa ametokea. Alimfungua mtoto mgongoni akamweka mapajani pa Mika, akarudi hatua mbili kuwatazama. Mika alimtazama mtoto. Alimtazama Ema. Akahesabu miezi kwa midomo, bila sauti, na uso wake ulipobadilika Elieza alilazimika kutazama kwingine.

Baadaye, ugali ukiwa mezani na majirani wamejaa uani, Elieza alimvuta mwanawe kando. Neno lile alikuwa amelibeba siku zote.

"Si Boma waliofuta ukuta wa mama yako. Ni mimi. Nilipaka kwa mkono wangu, na mara ya pili nikarudia. Nisamehe."

Mika alitazama dole gumba lake. "Baba, siku Odilo alipofika nilikuwa kwenye foleni ya kuandikwa. Karani alikuwa ameshanishika mkono, wino tayari uko kidoleni. Odilo akaja mbio, ananiambia mtaa wetu wote ni mweupe, ameuona kwa macho yake, hata wewe amekuona mzimu wako unampungia. Nikavuta mkono. Nilikuja kutafuta makaburi, nipande hata ua. Angeniambia mko wazima na ng'ombe amezaa, ningetia dole nikabaki."

Elieza alimpapasa mwanawe begani, akamsukuma taratibu arudi kwenye chakula.

Tabea alikuwa nje peke yake. Alikuwa amechota udongo wa njano na mwekundu kwenye vigae viwili, na alisimama mbele ya ukuta mweupe akiwa amekunja mikono ya gauni. Elieza alisogea akasimama karibu naye. Ndani watu walikuwa wanacheka.

"Waache Boma waseme watakalo," Tabea alisema. "Lakini mkono umekataa. Nichore nini, Baba Mika?"

"Usichore kitu, mama. Aliyekuwa asome yuko ndani anakula."